Kiungo Kisichopimwa: Uhakiki wa Upimaji wa Kazi za Vikundi katika Kozi za Uhandisi kwa Mtazamo wa Nyanda za Juu za Mbulu na Hanang

Utangulizi

Mradi wa maji ya mtiririko unapofika kijijini, kazi ya kuchimba mtaro wa bomba mara nyingi huachiwa wanakijiji wenyewe. Kiongozi wa kitongoji hupima kwa hatua au kwa kamba, na kila kaya hukabidhiwa kipande chake. Utaratibu huu unajulikana katika vijiji vingi vya Tanzania, na mhandisi atakayepangiwa kazi Tumati, kata ya Wilaya ya Mbulu mkoani Manyara, hana budi kuufahamu kabla hajafungua michoro yake. Kipande cha kila kaya kina mwanzo na mwisho. Aliyechimba hujulikana, na asiyechimba hujulikana zaidi, kwa kuwa pengo lake huonwa na kila apitaye. Hata hivyo, hakuna kaya inayoweza kujivunia kipande chake peke yake, kwani mtaro wa kilomita tatu uliokatika mita nne haupitishi maji. Zaidi ya hayo, matatizo mengi huzaliwa pale vipande viwili vinapokutana. Mmoja amechimba kina cha mita moja, jirani yake ameishia nusu mita. Bomba hupanda mahali hapo, hewa hujikusanya ndani yake, au jembe hulipasua msimu wa kilimo unapofika.

Mfano huu unasaidia kuhakiki jambo ambalo sasa ni la kawaida katika vyuo vya uhandisi, yaani kumpima mwanachuo kupitia kazi ya kikundi kwa madai kwamba upimaji huo humjengea stadi za kufanya kazi na wenzake. Madai hayo yana msingi. Mkataba wa Washington wa mwaka 1989, ambao kwao nchi kadhaa hutambuliana shahada za uhandisi, unahesabu uwezo wa kufanya kazi peke yako na katika timu kuwa miongoni mwa sifa za mhitimu. Hapa nchini, mpango wa mafunzo ya wahandisi wahitimu (SEAP) ulioanzishwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi mwaka 2003 humweka mhitimu chini ya mhandisi mzoefu kwa miaka mitatu kabla ya kusajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu. Utaratibu huo wenyewe ni ushahidi kwamba darasa halimkamilishi mtu. Hoja ya makala haya ni kwamba upimaji wa vikundi, kwa namna unavyofanyika mara nyingi, hupima kile ambacho kikundi kimetoa na kuacha kupima kiungo, yaani mahali ambapo kazi ya mmoja inaungana na ya mwingine. Ushirikiano hukaa katika kiungo hicho, na usipopimwa hapo haujapimwa popote.

Kikundi kama jina la ukurasa wa kwanza

Sababu ya mhadhiri kutoa kazi za vikundi haiwi ya kielimu siku zote. Darasa la wanachuo 120 likipewa zoezi la mmoja mmoja huzaa ripoti 120. Likigawanywa katika vikundi vya watu sita huzaa ripoti 20. Hakuna aliyewahi kusahihisha ripoti za mfumo wa majitaka atakayeshangazwa na uchaguzi wa hesabu ya pili. Sababu hiyo haina aibu ndani yake. Aibu huanza pale kilichofanywa kwa ajili ya kupunguza mzigo wa usahihishaji kinapoandikwa katika maelezo ya kozi kuwa ni mkakati wa kujenga ushirikiano, bila chochote kilichoongezwa ili ushirikiano huo upatikane.

Kinachofuata kinajulikana kwa kila aliyepita chuoni. Majina sita huandikwa kwenye ukurasa wa kwanza. Mmoja au wawili huandika kurasa zinazofuata. Lugha ya wanachuo ina neno kamili kwa hali hii: wengine "wanabebwa". Neno hili linafaa kuchunguzwa kwa makini kuliko linavyochunguzwa. Linabainisha kuwa wanachuo wanaelewa kikundi si kama mahali pa kujenga kitu pamoja, bali kama chombo cha usafiri chenye dereva na abiria. Anayebebwa halaumiwi sana, kwa sababu katika kozi nyingine huenda atambeba aliyembeba leo. Hivyo hutokea ushirikiano wa aina fulani, na pengine imara, lakini ni ushirikiano wa kubadilishana alama. Uhandisi haumo ndani yake.

Katika mfumo ambao upimaji endelezi huchukua alama 40 na mtihani wa mwisho 60, kama ilivyo desturi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ripoti moja ya kikundi inaweza kuamua tofauti kati ya kufaulu kozi na kuirudia. Shahada hutolewa kwa mtu mmoja mmoja, na cheti huandikwa jina moja. Daraja litakaposimamiwa na mhitimu huyo miaka saba baadaye, hakuna atakayekumbuka kwamba hesabu za mizigo katika mwaka wake wa tatu zilifanywa na mwenzake.

Kamba ya Ringelmann

Kiswahili kina methali mbili zinazobishana kuhusu jambo hili. Kidole kimoja hakivunji chawa, husema ya kwanza. Manahodha wengi, chombo huenda mrama, hujibu ya pili. Utafiti wa kitaalamu umechukua miaka mingi kueleza ni lini methali ipi inashika.

Aliyeanza alikuwa, kwa bahati inayofaa mada hii, mhandisi wa kilimo. Maximilien Ringelmann wa Ufaransa aliwavutisha watu kamba, mmoja mmoja na kwa makundi, akapima nguvu yao. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1913 yalionesha kwamba nguvu ya kila mtu hupungua kadiri kundi linavyokua. Watu wanane waliovuta pamoja hawakufikisha hata mara nne ya nguvu ya mtu mmoja. Swali lililobaki ni sababu. Je, watu hawakuvuta kwa wakati mmoja, au walilegea kwa kujua kwamba wengine wanavuta? Ingham na wenzake (1974) walijaribu kuzitenga sababu hizo mbili kwa kumfanya mtu avute akiamini yupo na wenzake ilhali yuko peke yake. Nguvu ilipungua bado. Latané, Williams na Harkins (1979) walipata upungufu kama huo katika kupiga makofi na kupiga kelele. Jaribio lililofuata la watafiti haohao (Williams, Harkins na Latané, 1981) ndilo lenye uzito zaidi kwa walimu: washiriki walipojua kwamba sauti ya kila mmoja inaweza kutambuliwa, ulegevu ulitoweka.

Kutokana na tafiti hizo, vyuo vingi vilichota funzo moja tu, kwamba mchango wa kila mtu utambulike. Funzo hilo ni sahihi, lakini halijitoshelezi. Kuvuta kamba ni kazi isiyo na mgawanyo. Wote wanafanya jambo lilelile, na jumla ni kujumlisha tu. Uhandisi hauko hivyo. Mwaka 1999 chombo cha Marekani kilichotumwa kuizunguka sayari ya Mirihi, Mars Climate Orbiter, kilipotea kwa sababu programu ya upande mmoja ilitoa nguvu kwa vipimo vya Kiingereza na upande wa pili ukazipokea kana kwamba ni za mfumo wa metriki. Hakuna aliyebebwa katika mkasa huo. Kila upande ulifanya kazi yake. Kilichokosekana ni mtu wa kusimama kwenye kiungo na kuuliza swali la kitoto: namba hii ni ya kipimo gani? Kanuni inayomkamata mvivu peke yake isingekiokoa chombo hicho.

Hesabu inayomlipa mshtaki

Njia inayopendekezwa mara nyingi ni kuwaacha wanakikundi wapimane wenyewe. Kaufman, Felder na Fuller (2000) walieleza mojawapo ya taratibu zinazotumika katika uhandisi: kila mwanakikundi huwapa wenzake daraja, wastani wa mtu hugawanywa kwa wastani wa kikundi, na kinachopatikana huzidishwa kwa alama ya ripoti. Utaratibu huu unasifiwa kwa urahisi wake, na sifa hiyo unastahili. Ubaya wake hauonekani mpaka hesabu ifanywe hadi mwisho.

Ichukuliwe kwamba ripoti ya kikundi cha watu watano imepata alama 60, na wastani wa madaraja waliyopeana ni 90, 85, 80, 80 na 40. Wastani wa kikundi ni 75. Wa kwanza atapata 72, wa pili 68, wa tatu na wa nne 64 kila mmoja, na wa tano 32. Haki inaonekana kutendeka. Sasa ichukuliwe kwamba wa tano angepewa 80 kama wenzake wawili. Wastani wa kikundi ungepanda hadi 83, na yule wa kwanza, ambaye kazi yake haijabadilika hata nukta, angeshuka kutoka 72 hadi 65. Kwa maneno mengine, kila anayemhukumu mwenzake hulipwa kwa hukumu yake. Alama zinazokatwa kwa mmoja hugawiwa waliomkata. Hakuna baraza la usuluhishi ambalo lingeruhusiwa kufanya kazi kwa utaratibu huo, lakini katika majedwali ya alama unapita bila pingamizi kwa sababu umevaa vazi la hisabati.

Wanachuo hawahitaji kuoneshwa hesabu hii ili waigundue. Wengi hujibu kwa kukubaliana mapema kupeana daraja moja wote, na hapo kizidishi kinakuwa moja kamili na hesabu inarudi ilikoanzia. Makubaliano hayo huitwa udanganyifu. Yanaweza pia kusomwa kama ushirikiano pekee wa kweli ambao zoezi zima liliuzaa, yaani watu watano waliokataa kuuzana.

Kuna tatizo kubwa zaidi. Aliyepewa 40 ni nani? Fomu haisemi. Anaweza kuwa mvivu. Anaweza pia kuwa ndiye asiye na kompyuta mpakato, aliyeketi pembeni wakati mwenzake akichapa, na ambaye siku mbili kabla ya hapo alitembea bondeni na ndoo na saa akipima chemchemi inajaza lita ngapi kwa dakika. Ripoti nzima inasimama juu ya kipimo hicho, lakini kipimo hicho ni mstari mmoja wa jedwali, na uchapaji ni kurasa arobaini. Kikundi kikikaa usiku wa mwisho kutathminiana, kinachokumbukwa ni kurasa. Mwanachuo aliyetoka vijijini, ambaye Kiingereza chake cha kuandika hakijakomaa na hana kifaa chake mwenyewe, huingia katika tathmini hiyo akiwa tayari ameshapungukiwa. Upimaji wa wanakikundi wao kwa wao, pasipo kumbukumbu ya nani alifanya nini, hupima mwonekano wa kazi.

Jinsia nayo haiachwi nje. Meadows na Sekaquaptewa (2013) walichunguza timu za wanafunzi wa uhandisi nchini Marekani na kubaini kwamba katika mawasilisho wanaume ndio walioelekea kuchukua sehemu za kiufundi zaidi. Msomaji wa Tanzania anaweza kuuongeza hapo ukatibu, ambao kwa mazoea humwangukia binti wa kikundi. Mwishoni mwa muhula binti huyo atasifiwa kwa mchango mkubwa na kupata alama nzuri. Kilichokosekana ni saa alizopaswa kukaa nyuma ya chombo cha kupimia.

Ujirani usiokwisha na kikundi cha wiki kumi

Maandiko kuhusu nyanda za juu za Mbulu yana mengi ya kusema hapa, ingawa hayakuandikwa kwa ajili ya walimu wa uhandisi. Thornton (1980) aliwaeleza Wairaqw, ambao watu wengi huwaita Wambulu, kuwa ni jamii ambayo eneo la makazi na ujirani hubeba uzito mkubwa katika kupanga maisha kuliko ukoo. Wajibu unazaliwa na mahali. Mtu anawajibika kwa jirani kwa sababu mashamba yao yamepakana na maji ya mvua yanayotoka kwa huyu yanashukia kwa yule. Kwa mhandisi, hilo ni wazo la kiungo katika umbo lake la awali kabisa.

Börjeson (2004) naye alitilia shaka maelezo ya zamani kwamba kilimo cha kina cha Wairaqw kilitokana na watu kubanwa milimani na maadui. Badala yake alisisitiza kazi ndogondogo za kila msimu ambazo, zikirudiwa kwa vizazi, hujenga mandhari nzima ya mashamba. Hoja hiyo, ikihamishiwa darasani, inagusa udhaifu ambao miongozo ya upimaji haiutaji: muda. Kikundi cha wanachuo huishi wiki kumi au kumi na mbili. Kinaundwa, kinagombana, kinatoa ripoti, kinakufa. Anayelegea leo hana sababu ya kuogopa kesho kwa kuwa kesho haipo. Jirani anayekwepa kuchimba mtaro, kinyume chake, atahitaji watu wa kumsaidia kuezeka, kumbeba mgonjwa na kuzika. Ndiyo maana zaidi ya adhabu ya faini ipo adhabu ya kukumbukwa.

Si vema, hata hivyo, kuupamba ujima. Msaragambo una manung'uniko yake, una watu wanaotuma watoto badala yao, una viongozi ambao vipande vya ndugu zao huwa vifupi. Historia ya eneo hili pia inatoa onyo kwa kila anayeamini kwamba kuwaweka watu pamoja ni sawa na kuwafanya washirikiane. Lawi (2007), katika uchambuzi wake wa Operesheni Vijiji upande wa mashariki wa nchi ya Wairaqw kati ya 1974 na 1976, anaonesha jinsi uhamishaji ulioamriwa kutoka juu ulivyokinzana na uelewa wa wenyeji kuhusu ardhi na mazingira yao. Watu waliokuwa na namna zao za kusaidiana walipangwa upya ili wasaidiane. Mhadhiri anayegawa vikundi kwa kufuata alfabeti ya majina na kuondoka hafanyi kosa la ukubwa huo, lakini kosa ni la aina hiyohiyo: anadhani mpangilio wa orodha utazaa uhusiano.

Oakley, Felder, Brent na Elhajj (2004) walishauri kwamba mwalimu aunde vikundi mwenyewe, avipe muda wa kutosha, adai makubaliano ya maandishi kuhusu matarajio, na aweke njia ya kumwonya na hatimaye kumwondoa asiyeshiriki. Ushauri huo ni wa busara. Unapungukiwa na jambo moja: unaitazama timu kama watu wanaohitaji kuelewana, wakati uhandisi tayari una nyenzo zake za kufanya kazi ya wengi iwe na majina ya mmoja mmoja.

Daftari la uwandani

Kiswahili hutumia kitenzi kimoja, kupima, kwa ardhi na kwa mwanafunzi. Sadfa hiyo inafaa kuchukuliwa kwa uzito.

Zoezi la kupima mwinuko wa ardhi kwa ajili ya njia ya bomba linahitaji watu wasiopungua watatu: wa kusoma chombo, wa kushika fito yenye vipimo, na wa kuandika. Anayeandika hukitamka kwa sauti kila alichosomewa ili msomaji akihakikishe. Katika daftari la uwandani hakifutwi kitu; kosa hukatwa kwa mstari mmoja na usomaji sahihi kuandikwa juu yake, ili anayekagua aone kilichokosewa na kilichosahihishwa. Mwisho wa njia kikundi hurudi kilipoanzia, na tofauti kati ya mwinuko wa kuanzia na wa kumalizia hulinganishwa na kiwango kinachoruhusiwa. Kiwango kimoja kinachotumika sana ni milimita 12 mara kipeuo cha pili cha umbali kwa kilomita. Kwa mzunguko wa kilomita nne, kosa lisizidi milimita 24. Likizidi, kazi inarudiwa, awe mkosaji ni msomaji, mshika fito au mwandishi.

Humo ndani yamo yote ambayo fomu za kutathminiana huyatafuta bila kuyapata. Majukumu yako wazi na yanaweza kuzungushwa, hivyo binti si katibu wa milele na asiye na kompyuta si mshika fito wa milele. Kiungo kati ya msomaji na mwandishi kina utaratibu wake, yaani kurudia kwa sauti. Mchango wa kila mmoja una kumbukumbu, mradi kila ukurasa uandikwe nani alikuwa wapi. Na mwisho kuna hukumu isiyotoka kwa mwenzako wala kwa mhadhiri. Ardhi yenyewe hukataa kufunga mzunguko.

Michoro nayo ina kisanduku chake cha pembeni kinachotaja aliyesanifu, aliyechora, aliyekagua na aliyeidhinisha. Katika ripoti nyingi za wanachuo kisanduku hicho hujazwa jina la kikundi, au huachwa wazi. Ni jambo dogo, lakini linabainisha mengi kuliko insha yoyote ya kujitathmini. Mwanachuo amefundishwa kwamba kisanduku ni pambo. Angelitia jina lake mahali pa aliyekagua, kisha akaulizwa mbele ya mtahini kwa nini mchoro aliokagua una bomba la milimita 63 linaloingia katika tangi kwenye kiungo cha milimita 50, upimaji wa ushirikiano ungekuwa umefanyika kwa dakika mbili, na alama ingekuwa yake kwa haki. Mhadhiri wa darasa la watu 120 anaweza kuuliza swali moja kwa kila mtu. Hawezi kusoma ripoti 120. Anaweza kusikiliza majibu 120 ya dakika mbili, ambayo ni saa nne.

Kwa hiyo mwongozo wa usahihishaji unaostahili kuitwa wa kikundi ungegawa alama kwa namna nyingine. Sehemu ingekwenda kwa kipande cha mtu, chenye mwanzo na mwisho kama kipande cha mtaro. Sehemu ingekwenda kwa kazi nzima. Na sehemu isiyo ndogo ingekwenda kwa viungo: nani alimkabidhi nani, nini kilihakikishwa, kosa gani liligunduliwa na nani. Kosa lililogunduliwa na kuandikwa linapaswa kuongeza alama. Katika taratibu nyingi za sasa hufichwa, kwa sababu ripoti safi hulipa zaidi.

Timu iliyo nje ya darasa

Yapo mapungufu ambayo hata daftari la uwandani haliyatibu. Kikundi cha darasani ni cha watu wa rika moja, kozi moja, na lugha moja ya kufundishiwa. Timu ya kazini haiko hivyo. Wilaya za Mbulu na Hanang ni miongoni mwa maeneo machache ya bara hili ambako lugha za asili tofauti kabisa zimepakana: Kiiraqw cha Kikushi, Kidatoga cha Kiniloti, lugha za Kibantu kama Kinyaturu na Kinyiramba jirani, na Kihadza cha bonde la Yaeda. Mhandisi wa maji wa huko hafanyi kazi na wahandisi watano. Anafanya kazi na fundi bomba mmoja, mwenyekiti wa kijiji, wafugaji wanaotaka birika la mifugo, akina mama wanaojua chemchemi ipi hukauka mwezi wa Septemba, na chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii kilichoundwa kwa mujibu wa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya mwaka 2019, ambacho chini ya Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA) ndicho kitakachokusanya fedha na kutengeneza bomba baada ya yeye kuondoka.

Maporomoko ya Desemba 3, 2023, yaliyoshuka kutoka Mlima Hanang na kufunika sehemu za mji wa Katesh na vijiji jirani kwa tope, mawe na magogo, yaliua zaidi ya watu 80. Kukabiliana na tukio la namna hiyo kunawakutanisha wanajiolojia, wahandisi wa barabara na wa maji, madaktari, askari na wananchi wanaojua kila korongo kwa jina. Hakuna kati yao aliyewahi kufanya zoezi la kikundi na mwingine. Mafunzo kwa vitendo ya wiki nane ambayo wanachuo wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huenda kila mwaka wa masomo kabla ya ule wa mwisho ndiyo nafasi ya karibu zaidi ya kukutana na timu ya namna hiyo. Huko mwanachuo huandika kitabu cha kumbukumbu za kila siku, na msimamizi wa kazini hutoa maoni yake. Kwa maana hiyo, stadi inayodaiwa kujengwa na ripoti za vikundi huenda inajengwa zaidi mahali ambapo hakuna kikundi cha wanachuo kabisa.

Iwapo hoja hiyo inakubalika, linafuata swali ambalo kanuni za mitihani hazina jibu lake. Kanuni zinawatambua mtahini wa ndani na mtahini wa nje. Mjumbe wa chombo cha maji cha kijiji, aliyemwona mwanachuo akieleza kwa subira, au akishindwa kueleza, kwa nini tangi haliwezi kuwekwa chini ya shule, hatambuliwi popote. Ameona kiungo chenyewe kikifanya kazi au kikikatika, tena kwa lugha anayoielewa. Neno lake likiombwa litahitaji fomu ya Kiswahili, uzito katika alama, na mtu wa kuamua lifanyweje linapopingana na la mhadhiri. Mpaka sasa halijaombwa.